Uzito wa Pikapu ya Mama Soa

Hili ninalokusimulia lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na mikono imejaa grisi. Nalisema mapema kwa sababu najua visa vya namna hii huanzia usiku wa manane, na msimulizi huwa katoka mahali amechoka au amelewa. Mimi silewi. Na saa ile watu walikuwa ndiyo kwanza wanatoka kuswali alasiri. Ukimaliza kunisikiliza ukaona siaminiki, sitakulaumu. Zipo siku natamani hata mimi nisijiamini.

Nilikuwa fundi wa magari Mahajanga, mji ambao sisi wenyeji tunauita Majunga. Baba yangu alikuwa Mngazija, mama yangu Msakalava wa palepale. Kiswahili hiki ninachozungumza nawe nilikipata ukubwani, nilipohamia Unguja kwa ndugu za baba. Kule Majunga tulizungumza Kimalagasi, na nyumbani Kingazija kidogo kwa ajili ya wazee. Kwa hiyo maneno ya watu nitakayokupa nimeyageuza lugha, ila maana yake nimeiacha kama ilivyokuwa.

Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni. Zile fujo zilizowatoa Wangazija Majunga zilikuwa zimeshapita miaka kadhaa. Sina haja ya kukueleza mengi. Watu waliwaua majirani zao kwa mapanga na marungu, nyumba zikachomwa, na waliosalimika wakapakiwa kwenye ndege na meli, wakapelekwa visiwani ambako wengine wao hawakuwahi kufika tangu wazaliwe. Mimi wakati ule nilikuwa Diego, kaskazini kabisa, najifunza ufundi. Ndiyo maana niko hai. Niliporudi nilikuta mtaa wetu umejaa sura ngeni, na waliobaki hawataki kulizungumza jambo lile. Watu walisalimiana, wakauziana mchele na samaki, wakanyamaza.

Basi katika siku hizo alinijia Mama Soa. Huyu alikuwa mjane wa Kisakalava, mchuuzi wa kamba na samaki wakavu. Alikuwa akienda Boanamary, kijiji kilicho kwenye mdomo wa mto Betsiboka, ananunua kwa wavuvi na kuleta sokoni mjini. Alikuwa amenunua pikapu kuukuu ya dizeli, yenye turubai nyuma na mabenchi mawili ya mbao, iliyoletwa kwa meli ya mizigo kutoka kisiwa cha Nosy Be.

"Fundi, gari langu lina uvivu," aliniambia.

"Uvivu wa namna gani?"

"Likishakimbia, linakimbia vizuri tu. Lakini likisimama, kuliondoa tena ni kama kumwinua mgonjwa kitandani. Watu wa mikokoteni wananipita. Kamba wangu wanaozea njiani. Na dereva wangu amenirudishia ufunguo. Nimemuuliza kulikoni, hasemi. Anasema hataki tu."

Hapo sikuona la ajabu. Dizeli kuukuu kukosa nguvu ya kuondokea ni ugonjwa ambao kila fundi anaujua, na una njia zake za kuutafuta. Nilianza na chujio la hewa, maana injini isipopumua haiwezi kuvuta. Lilikuwa safi. Nikabadilisha chujio la dizeli. Nikaliacha tanki lake, nikafunga dumu la dizeli juu ya paa la kebini na kuteremsha mpira hadi kwenye pampu, ili kama kuna uchafu au hewa kwenye mabomba, nijue. Nikafungua ekzosi, nikaendesha bila sailensa mpaka majirani wakanitukana. Nikalipandisha kwenye jeki na kuzungusha magurudumu kwa mkono, nione kama breki za nyuma zinang'ang'ania. Yalizunguka kama feni. Nozeli nilizitoa zote, nikazipima, zilikuwa zinanyunyiza ukungu mzuri wa dizeli. Klachi haikuwa inateleza. Hata mpangilio wa pampu niliukagua, kazi ambayo wengi wanaikwepa.

Zama zile spea zilikuwa haziingii nchini, kwa hiyo fundi hakuwa na anasa ya kubadilisha kitu kwa kubahatisha. Ilibidi ujue. Na mimi nilikuwa najua kwamba gari lile halikuwa na ugonjwa.

Nililipakia mifuko ya saruji ya jirani, nikapanda nalo mlima kutoka bandarini. Lilivuta. Nikasimama katikati ya mlima, nikaondoka tena. Likaondoka bila taabu. Nikamrudishia Mama Soa na kumwambia gari lake ni zima.

Alirudi siku ya pili yake, kafunga kitambaa kichwani kwa hasira.

"Umelijaribu mjini," akasema. "Mjini halina neno. Lijaribu kwenye barabara ya Belobaka, pale nyumba zinapoishia. Simama pale, halafu uondoke, ndipo uje uniambie ni zima."

"Aliyekuuzia alisemaje?"

"Kijana mmoja wa Nosy Be. Aliapa kwamba kule lilikuwa linapanda milima na mizigo ya maua ya langilangi bila kuguna. Nilidhani ni maneno ya muuzaji."

Nami nilidhani hivyo hivyo. Nikachukua ufunguo, nikaondoka alasiri hiyo hiyo, peke yangu. Nyuma ya pikapu hakukuwa na kitu isipokuwa gurudumu la akiba na kisanduku changu cha vifaa. Shika hilo, maana ndipo penyewe.

Barabara ya Belobaka ndiyo inayotoka mjini kwenda bara. Nyumba zinapungua, unabaki na mitende ya porini na vumbi jekundu. Nilifika pale Mama Soa aliponielekeza, nikasimama, nikaacha injini ikinguruma. Hapakuwa na mtu. Jua lilikuwa bado kali.

Nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi. Gari likasogea kama linavutwa na kamba kutoka nyuma. Nikakanyaga mafuta hadi chini, moshi mweusi ukatoka, injini ikalia, na bado tulikuwa tunatambaa. Nikasimama tena. Nikashuka, nikazunguka nyuma kuangalia, kama fundi yeyote ambavyo angefanya.

Springi zilikuwa zimelala.

Sikia nikueleze vizuri. Asubuhi yake, pale gereji, ngumi yangu ilikuwa inapita kati ya tairi la nyuma na bodi. Sasa hata kidole hakikupita. Gari lilikuwa limekalia matairi yake kama limebeba shehena nzima ya watu. Nikafunua turubai. Gurudumu la akiba, kisanduku cha vifaa, mabenchi mawili matupu. Nikashika bodi nikalisukuma chini, unajua namna tunavyojaribu springi. Halikutikisika. Lilikuwa limeshiba.

Ungefanya nini wewe? Mimi nilijiambia springi zimevunjika. Nikainama kuziangalia, zikawa nzima. Nikasimama pale nikifuta mikono kwenye kitambaa, na nilipogeuka kurudi mbele nikaona kuna mtu ndani ya kebini.

Alikuwa mwanamke, kakaa kiti cha abiria, kajifunika shiromani, ile kanga ya mama zetu wa Ngazija. Mapajani alikuwa na mtoto aliyefunikwa kwa pembe ya nguo ile ile. Niliona miguu ya mtoto tu. Mguu mmoja wa mama ulikuwa na ndara, mwingine mtupu.

Nikadhani ni msafiri aliyetaka lifti, amepanda nikiwa nimeinama. Naapa kwamba hivyo ndivyo nilivyodhani. Nikafungua mlango wangu, nikakaa nyuma ya usukani, nikamwamkia.

Alikuwa anatazama mbele.

"Baba Zainabu," akasema kwa Kingazija, "ondoa gari."

"Mama, umenifananisha. Mimi si Baba Zainabu."

"Ondoa gari. Wanakuja."

Nikatazama kwenye kioo. Barabara nyuma yetu ilikuwa tupu, inang'aa kwa jua. Lakini nilisikia. Nilisikia miguu, miguu mingi, na juu ya miguu ile mlio wa chuma kinachoburutwa kwenye lami. Nikatazama tena kioo. Tupu. Laiti ningeona watu ningejua ni wangapi na wako umbali gani. Sauti peke yake haikuniambia kitu ila kwamba inakaribia.

Kisha juu ya kichwa changu paa likagongwa. Mara mbili, kwa kiganja, vile abiria wa nyuma wanavyompigia dereva kumwambia twende.

Nikaondoa gari. Usiniulize kwa nini, mwili wangu ulifanya kabla sijafikiri. Gia ya kwanza, mafuta hadi chini. Pikapu ikaanza kutambaa. Mtu anayetembea angetupita. Injini ililia, moshi ukatanda nyuma, na miguu ile ikazidi kusikika, sasa na pumzi zake. Turubai lilianza kuguswa. Nilisikia vidole vikipita juu yake, krrr, upande wa kulia na upande wa kushoto.

Nitakwambia ukweli. Mkono wangu ulikwenda kwenye kitasa cha mlango. Pori lilikuwa pale pale, hatua chache. Nilikuwa kijana, nina mbio. Kitu kimoja tu kilikuwa kinaniambia: gari hili haliendi popote, wewe unaweza kwenda.

Yule mwanamke akanishika mkono wa kulia, juu ya kiwiko. Vidole vyake havikuwa baridi, kama watu wanavyopenda kusimulia. Vilikuwa vya moto.

"Usiruke," akasema. "Tuko wengi, ni zito, najua. Lakini usiruke, Baba Zainabu."

Nikaachia kitasa.

Nikashika usukani kwa mikono miwili. Na hapo ufundi ndio ulionisaidia, si ushujaa. Mtu mwenye hofu angetia gia ya pili, akitumaini kwenda kasi. Dizeli iliyolemewa ukiipa gia ya pili kabla haijachangamka, inazimika. Nilibaki gia ya kwanza. Nilisikiliza injini, nikasahau mengine yote, nikaisikiliza kama unavyosikiliza kifua cha mgonjwa, ikapanda kidogo, ikapanda tena. Kitu kizito kikapiga bodi nyuma. Sikugeuka. Injini ikapanda mpaka ikaanza kupiga kelele, ndipo nikatia ya pili, ikashika. Vidole vikaachia turubai kimoja kimoja. Nikatia ya tatu, na miguu ikabaki nyuma, na baada ya hapo nikasikia upepo tu na mtoto anakohoa.

Nilipita Belobaka bila kusimama. Hakuna aliyenipungia. Nikakata kona ya kwenda Boanamary, tukateremka ile njia ya vumbi hadi ufukweni, kwenye mikoko. Paa likagongwa mara mbili. Nikasimama.

Gari likaanza kuinuka. Liliinuka kwa mishtuko, upande huu, upande ule, kama kila mtu anaposhuka nyuma ya pikapu, mmoja baada ya mwingine. Sikuona mtu. Niliona matope ya ufukweni yakibonyea kuelekea mikokoni, basi.

Yule mwanamke alikuwa wa mwisho. Alifungua mlango, akamweka mtoto begani, kisha ndipo akanigeukia kwa mara ya kwanza. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani. Alinitazama usoni kwa muda, na nikaona uso wake unabadilika.

"Si yeye," akasema, kama anamwambia yule mtoto. Halafu akaniuliza mimi, "Yuko wapi?"

Akashuka, na mlango ukabaki wazi.

Nililala pale Boanamary kwa mvuvi mmoja, maana sikuweza kurudi na barabara ile. Asubuhi gari lilikuwa jepesi. Nilimrudishia Mama Soa ufunguo, nikamsimulia yote. Hakucheka. Akasema, "Nilijua gari lina watu. Sikujua ni watu gani." Kesho yake alikodi dereva mwingine, na pale nyumba zinapoishia gari likalala kwenye springi zake vile vile. Maana yake ni kwamba kuwafikisha kwangu hakukuwasaidia kitu. Walikuwa wamerudi pale pale wanangoja.

Swali la yule mwanamke lilinikaa. Nilikuwa nafungua boliti nalisikia, nakula nalisikia. Mwishowe nikapanda meli ya mizigo kwenda Nosy Be, kumtafuta aliyeuza lile gari.

Hell-Ville, mji wa kisiwa kile, unanukia maua ya langilangi yanapopikwa kutolewa mafuta. Yule kijana muuzaji nilimpata kwa urahisi. Alisema gari lilikuwa la mzee anayemwita mjomba, aliyekuwa dereva wa kiwanda kidogo cha kupika maua, akaacha kuendesha macho yalipoanza kuingia ukungu. Akanipeleka kwake, akatuacha.

Mzee huyo watu walimwita Sufiani. Alikuwa mrefu, mkimya, nyumba yake safi ya mtu anayeishi peke yake. Alinikaribisha kwa adabu, akanimiminia chai. Nilimweleza kwamba mimi ni fundi, kwamba pikapu yake inanishinda, haitaki kuondoka ikisimama.

"Hapa haikuwahi kunisumbua hata siku moja," alisema. "Lakini nilimwambia kijana asimuuzie mtu wa Majunga. Akaniona mzee anaweweseka."

"Kwa nini asimuuzie mtu wa Majunga, bakoko?" Nilimwita bakoko, babu, kwa Kingazija, makusudi nione.

Aliinua kichwa. "Wewe ni wa kwetu," akasema.

"Ndiyo. Na nimekuja kuuliza, Baba Zainabu ni nani?"

Kikombe kilikuwa njiani kwenda mdomoni. Alikirudisha mkekani polepole, akakikosa kisahani, chai ikamwagika. Hakuipangusa.

"Hapa hakuna anayelijua jina hilo," akasema.

Basi akanisimulia. Siku zile za fujo alipakia majirani, wanawake na watoto wengi, kadiri pikapu ilivyoweza kubeba na zaidi, na mkewe na binti yao Zainabu mbele. Walikuwa wanakimbilia Boanamary, alikuwa na mtu wa kuwaficha huko. Pale nyumba zinapoishia kulikuwa na magogo njiani. Alisimama akayaondoa. Aliporudi kwenye usukani, kundi lilikuwa limeshawaona.

"Gari halikuondoka," alisema. "Lilikuwa zito. Nikatia gia ya pili, likazimika. Nikafungua mlango. Niliwahi pori. Nilikaa humo hadi siku ya pili. Pikapu niliikuta pale pale, haina mtu, haijachomwa. Nikaiosha mwenyewe. Nikaondoka nayo hadi kaskazini, nikavuka nayo huku."

Nikamsimulia yangu. Nilisimulia nikitazama chini. Nilipofika kwenye kitasa cha mlango, akanikatiza.

"Uliruka?"

"Hapana."

"Ulitia gia ya pili?"

"Nilibaki ya kwanza."

"Halafu?"

Sasa hapo, ndugu yangu, ningedanganya ingekuwa nafuu. Lakini swali lenyewe lilikuwa la fundi na dereva, na mdomo wangu ukalijibu hivyo. "Halafu ikashika," nikasema. "Ikaondoka."

Alivua kofia, akaiweka magotini.

"Miaka yote," akasema, "nimejiambia hakuna gari ambalo lingeondoka na mzigo ule."

"Bakoko, siku ile ilikuwa nyingine. Hofu ilikuwa nyingine. Niliowabeba mimi hawakuwa na miili—"

"Usinisaidie, mwanangu." Akapapasa mkeka akitafuta kikombe, akakiacha. "Aliniulizia mimi?"

"Aliuliza uko wapi."

Nikamuaga, nikaenda kulala. Lakini kesho yake niliporudi bandarini nilimkuta ameshatangulia, kakaa kwenye mzigo wa kamba za meli, kavaa kanzu na kofia, hana hata mfuko.

Mama Soa alimpokea kama mgeni wa heshima. Alimpikia, akamwacha apumzike, hakumuuliza kitu. Alasiri mzee aliomba pikapu. Nilikataa asiendeshe, maana macho yake hayakuona mbali kuliko boneti. Nikasema nitamwendesha mimi. Akakubali. Tulikwenda hadi pale nyumba zinapoishia, nikasimamisha gari.

"Shuka," akaniambia.

"Bakoko, huoni barabara."

"Barabara naijua. Kiti hicho ni changu. Shuka."

Nilishuka. Alisogea nyuma ya usukani, akaupapasa kama mtu anayepapasa uso wa mtoto wake gizani. Mimi nilisimama kando ya njia, na kwa macho yangu haya niliona springi zikilala, kidogo kidogo, mpaka bodi likagusa matairi. Kiti cha abiria, kwangu, kilikuwa kitupu. Lakini yeye alikuwa amekigeukia, na mdomo wake ulikuwa unasema.

Pikapu ikaanza kutambaa. Nilitembea kando yake, ndivyo ilivyokuwa polepole. Moshi mweusi ulinifunika. Nilisikia ile miguu ikija, nikaisikia ikinipita huku na huku, upepo wake ukanigusa vifundoni, nami sikuthubutu kujisogeza. Nilichofanya ni kupaza sauti nikirudia maneno yale yale: gia ya kwanza, bakoko, baki gia ya kwanza. Sijui kama alinisikia. Mlango wake haukufunguka. Injini ililia, ikalia, ikapanda, na hatimaye nikasikia anabadilisha gia, na ikashika. Pikapu ikaongeza mwendo, ikapinda kona, vumbi likabaki.

Nilipata lifti ya gari la mkaa hadi njia panda, nikatembea hadi Boanamary. Pikapu ilikuwa imesimama ufukweni, kwenye mikoko, injini inanguruma, gia imetolewa. Springi zilikuwa zimeinuka. Mlango wa abiria ulikuwa wazi. Mzee Sufiani alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono juu ya usukani, amekufa. Mlango wa upande wake ulikuwa umefungwa, na mguu wake ulikuwa umekaza juu ya pedali ya breki, hata ilitubidi watu wawili kuutoa.

Tulimzika Boanamary. Yule kijana wa Nosy Be alikuja akanishika shati mbele ya watu, akauliza nilimwambia nini mjomba wake hata akatoka nyumbani kwake kwenda kufa kwa wageni. Askari nao wakaniita, wakataka kujua kwa nini nilimpa usukani mtu asiyeona. Nilisema nini? Ungesema nini? Mama Soa alinitetea, wakaniachia, lakini Majunga ilikuwa imenishinda. Kila aliyeniletea gari nilijikuta namtazama umri wake, napiga hesabu alikuwa wapi siku zile na mkononi alishika nini. Fundi hawezi kuishi hivyo. Ndipo nilipohamia Unguja.

Pikapu ile Mama Soa aliiendesha miaka mingi. Alinitumia salamu kwamba uvivu umeisha, inaondoka kama mpya. Kwangu mimi hakuna kilichoisha. Huu mkono wa kulia, hapa juu ya kiwiko, hauna hisia tangu siku ile. Nimewahi kuuegemeza kwenye ekzosi ya moto nikagundua kwa harufu. Madaktari wameuchoma sindano, wakainua mabega. Na bado sijui mzee yule nilimpa dawa au nilimuua. Usiku nikikosa usingizi nashikilia jibu moja, asubuhi nashika jingine.

Kwa hiyo ukienda kununua gari kuukuu, fungua boneti, tazama moshi, lala chini uangalie kutu, yote hayo ni sawa. Lakini pia mtazame anayekuuzia usoni, umuulize lilimbeba nani na lilimwacha wapi. Akisita, liache hapo hapo, hata likiwa zuri kiasi gani. Na kama umeshalinunua, na siku moja likakulemea barabarani huna mzigo wowote, nakuomba sana, baki gia ya kwanza, na mkono wako usiuweke karibu na mlango.